Jinsi ya Kuandika Riwaya ya Kutisha na Kuchekesha: Akina Mama wa Mtaa na Kinachobisha Hodi Usiku

Riwaya ya aina hii huharibika pale mwandishi anapomfanyia mzaha jini. Jini akishachekesha, msomaji hana cha kuogopa tena, na kicheko chenyewe hupoa. Wachekeshe akina mama. Tishio libaki tishio. Nitaonyesha kwa hadithi ya mfano iliyoko Mwanga, Kigoma mjini.

Hatua ya 1: Tafuta kinachowaacha akina mama peke yao. Kigoma, ziwa linakupa jibu. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku na kuwasha taa za kuwavuta samaki. Mbalamwezi ikikolea, taa hazivuti kitu, wanabaki nyumbani. Basi kiumbe wako aje usiku wa giza, wanaume wakiwa majini. Mwezi ukipevuka baba yupo, mtaa umetulia, na hataki kuamini anachosimuliwa na mkewe. Umeshapata hofu, na umepata ugomvi wa ndani ya nyumba.

Hatua ya 2: Mwekee kiumbe masharti. Kabla ya sura ya kwanza andika anakuja lini, anataka nini, na hawezi nini. Wangu anatoka chini kabisa ya Tanganyika, ziwa lenye kina cha karibu mita 1,470, ambako maji hayana oksijeni. Anabisha hodi kwa sauti ya mtu wa nyumba hiyo hiyo, na hawezi kuingia mpaka aambiwe "karibu". Sharti hili nalipenda sana, kwa kuwa mama aliyelelewa vizuri hawezi kusikia hodi akanyamaza. Adabu yake ndiyo hatari yake.

Jambo moja nakuomba: tishio lisiwe bibi kizee mwenye macho mekundu. Tabora, Shinyanga na mikoa ya jirani, vikongwe wameuawa kweli kwa kudhaniwa wachawi, na wekundu wa macho yao ulitokana na moshi wa kuni. Bibi mpe nafasi ya mtu anayeng'amua mambo kabla ya wengine wote.

Hatua ya 3: Wakusanye kwenye kikoba, kikundi chao cha kuweka na kukopeshana fedha. Kuna mwenyekiti, mhasibu, faini ya kuchelewa, na sanduku lenye makufuli matatu ambalo kila ufunguo una mshikaji wake. Washikaji wawili wasiwe wanasalimiana.

Hatua ya 4: Kicheko kitangulie, hofu ifuate papo hapo. Kwa mfano:

"Hodi," sauti ya Baba Zaituni ikaita nje.

Mama Zaituni akajiziba mdomo kwa kanga.

"Usimwitikie, shoga," Mama Hamisi akanong'ona.

"Hodi, mke wangu. Nimekuletea ile hela ya kikoba."

"Haa! Basi si yeye," Mama Zaituni akasema.

Nje kukawa kimya. Kisha hodi ikaja kwa sauti ya Zaituni, aliyekuwa amelala mapajani mwa mama yake.

Kicheko kimetoka kwenye ndoa yao, hakikutoka kwa kiumbe. Na usimweleze msomaji kwamba Mama Zaituni aliogopa. Mtoto yuko mapajani, inatosha.

Hatua ya 5: Wamalize wenyewe. Asije mganga, shehe, padri wala mume kuwaokoa. Mtego wa kumfungia kiumbe uwe lile sanduku: halifunguki bila funguo zote tatu, kwa hiyo wale wasiosalimiana lazima wakae meza moja. Tena ni lazima litolewe fedha kwanza, na hapo waulizane nani azishike usiku huo. Mpe mmoja wao kazi ya kutamka "karibu", na jambo hilo limgharimu kitu asichoweza kurudishiwa.

Hatua ya 6: Isome rasimu kwa sauti mbele ya wanakikoba halisi. Wakitazama simu, kata. Wakikukatiza kubishana nani angeshika zile fedha, sura hiyo usiiguse.