Kwenda Magadi kwa Ndege Ndogo, na Hasa Kurudi

Kila mwenye leseni mpya ya urubani pale Wilson, uwanja wa ndege ndogo wa Nairobi, hutaka kuanza na Magadi. Simlaumu. Ni karibu, chini ya maili 50 za baharini, nusu saa hivi kwa Cessna 172, kandege ka injini moja na viti vinne. Barabara iko chini yako kukuonyesha njia, na ukifika kuna lile ziwa la rangi ambalo familia italipiga picha mpaka simu zizime. Tatizo ni kwamba watu huipanga safari hii kana kwamba ugumu uko kwenye kwenda. Kwenda ni kuteremka. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, Magadi iko kama 2,000, na katikati yake kuna milima ya Ngong. Panga kurudi kwanza, kwenda kutajipanga.

Siku za kazi nauza vipuri vya magari Kirinyaga Road, Jumamosi narusha ndege. Nitatumia 172 ya zamani, ile ya kabureta, kwa sababu ndiyo wengi wetu tunayokodi. Yako ikiwa nyingine, fungua kitabu chake, usichukue tarakimu zangu.

Anza na mzani. Uzito wa mwisho wa ndege hiyo ni kilo 1,043. Ikiwa tupu tuseme ina kilo 650. Ya kwako imeandikwa kwenye karatasi zake, usikisie. Zinabaki 393 za watu, mizigo na mafuta. Lita moja ya mafuta ya ndege ina kilo 0.72, kwa hiyo ukijaza matangi, lita 144 hivi zinazotumika, umeshakula kilo 104. Sasa jiulize unajaza ya nini. Kwenda, kurudi, kuzunguka ziwa na kusubiri zamu ardhini, piga saa moja na nusu. Injini hii hunywa lita 30 na kitu kwa saa, basi lita 50. Ongeza saa nzima ya akiba. Nusu saa ya kanuni mimi siitaki: siku utakayofika Wilson ukute ndege ya mtu imepasuka gurudumu katikati ya njia, nusu saa utaiona fupi. Lita 100 zinatosha na kubaki, na umeokoa kilo 30 na ushee.

Kwenye karatasi sasa unaweza kubeba watu wazima wanne. Usibebe. Ule uzito wa mwisho haujui kama uko Malindi au Nairobi, asubuhi au mchana. Beba wawili, wewe wa tatu. Na uwapime, maana watu wetu wakiulizwa kilo hutaja za mwaka waliofunga ndoa. Dukani nina mzani wa kupimia vyuma. Mama mkwe alipanda juu yake na mkoba wake, tukacheka, nikaandika.

Halafu hewa, na hapa usiharakishe. Kwa vipimo vya kitabu, hewa ya futi 5,500 inatakiwa kuwa nyuzi 4. Nairobi ya Februari saa nane mchana inaweza kuwa 28. Chukua tofauti, 24, zidisha kwa 120, kwa kuwa kila nyuzi iliyozidi ni kama futi 120 za kwenda juu: futi 2,880, uziongeze kwenye 5,500. Ndege imesimama Lang'ata lakini inapumua hewa ya futi 8,400 hivi. Injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila futi 1,000, kwa hiyo robo ya farasi wako leo hawajaja kazini. Bawa nalo linataka mwendo mkubwa zaidi ardhini ndipo likubali kubeba. Utakula njia zaidi ya mara moja na nusu ya ile ambayo ungekula Malindi, kisha utapanda kwa nusu ya kasi. Fanya hesabu hiyo hiyo saa moja asubuhi kukiwa na nyuzi 14: futi 6,700. Ndege ni ile ile, watu ni wale wale, tofauti ni saa uliyoamka.

Kinachowaponza wanaokuja kutoka Pwani au ng'ambo ni macho. Katika hewa nyepesi ardhi hukimbia kuliko ulivyozoea, ukadhani kasi imetosha, ukavuta usukani mapema, ndege ikainuka kidogo na kukataa kupanda. Acha ardhi ikimbie. Ngoja sindano ya kipima mwendo ifike noti (maili za baharini kwa saa) zile zile za kitabu. Hizo hazibadiliki kwa sababu uko juu. Chagua pia alama kando ya njia, kabla hujaanza: kama magurudumu hayajawa tayari kuondoka ukiifikia, funga nguvu, simama, rudi ukanywe chai.

Na kile kifundo chekundu cha kupunguza mafuta, usikiache ndani kabisa kwa kuwa orodha ya ukaguzi ya mtu wa Florida imesema hivyo. Kitabu chenyewe cha 172 kinasema kwamba ukipaa kutoka uwanja ulio juu ya futi 3,000, upunguze mafuta hadi mizunguko ya injini ifike juu kabisa nguvu zikiwa zote. Fanya hivyo ukiwa umeshika breki, mahali pasipo na kokoto. Mafuta mengi kwenye hewa kidogo hufanya injini ikohoe moshi mweusi. Fundi yeyote wa matatu za zamani atakueleza.

Ukaguzi wa nje unaujua, sitaurudia wote. Toa mafuta kidogo kila mahali pa kutolea, hasa baada ya mvua, uyatazame kwenye mwanga: yawe ya buluu, bila tone la maji chini. Yakikosa rangi na kunuka mafuta ya taa, wamekutilia ya jeti, na hapo usiwashe chochote. Angalia tundu la pito, kile kibomba kinachokipa kipima mwendo hewa, kwa sababu nyigu wa udongo hawahitaji wiki nzima kulijengea.

Kuhusu saa ya kuondoka: mpango wa safari huandikwa kwa saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo saa moja asubuhi ni 0400. Januari na Februari hiyo ndiyo saa yako. Juni hadi Agosti kuamka mapema hakusaidii. Wingu la chini hulala juu ya jiji hadi saa nne, saa tano, siku nyingine kutwa, na Ngong linakuwa limegusa nyasi. Huko Magadi jua linawaka, jamaa wanakutumia picha wakikuita mwoga. Waache. Hata likifunguka ukapita, hujui litafungwa saa ngapi nyuma yako, na wewe huna ruhusa wala vyombo vya kurudi ndani ya wingu. Juni 2018 Cessna Caravan iliyotoka Kitale kuja Nairobi iligonga milima ya Aberdare, watu wote 10 wakafa, na hao walikuwa marubani wa kazi. Msimu wa mvua ndefu ni hesabu nyingine: asubuhi safi, alasiri ngurumo. Uwe umerudi kabla ya saa sita.

Ukishapaa, uko juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi na hauko peke yako. Kuna wanafunzi wanaozunguka, kuna ndege za abiria zinazokwenda Mara na Pwani, kuna helikopta, kuna tai na marabou wasiosikiliza redio. Machi 5, 2024, Cessna ya mafunzo na ndege ya abiria ziligongana juu ya mbuga hiyo hiyo. Mwanafunzi na mwalimu wake wakafariki. Taja mahali ulipo kwa usahihi, mwinuko wako wa kweli, si ule unaotarajia kuufikia. Washa taa zote. Wape abiria kazi ya kutafuta ndege nyingine. Watoto huziona kabla yetu. Picha za twiga ziwe za abiria, si zako.

Fuata barabara ya Magadi: Kiserian, Kona Baridi, kisha ardhi inaanguka chini yako kuingia Bonde la Ufa. Shuka taratibu, ukirudisha kile kifundo chekundu ndani kidogo kidogo kadiri hewa inavyokuwa nzito. Ukipunguza nguvu kwa muda mrefu, vuta kifundo cha joto la kabureta, kiingize hewa ya moto, hasa asubuhi zenye unyevu. Barafu hujengeka ndani ya kabureta hata nje kukiwa na nyuzi 15, mizunguko ikashuka polepole bila sababu unayoiona. Olorgesailie ikiwa kushoto kwako, uko sawa.

Uwanja wa Magadi una wenyewe, kwa hiyo omba ruhusa siku kadhaa kabla. Pita mara moja juu ya njia kabla ya kutua, uangalie upepo na mifugo. Mbuzi wakiondoka, ngoja uone kama mchungaji naye ameondoka. Ziwa litazame kwa mbali. Magadi tulivu halionyeshi uko juu kiasi gani, na heroe wakiruka kwa pamoja hutakuwa na pa kukwepea.

Sasa kurudi. Ajabu ni kwamba kupaa kutoka Magadi si tatizo: hata kwa nyuzi 38, hewa yake ni ya futi 5,200 hivi, nzito kuliko ya Wilson mchana. Kinachokungoja ni kupanda. Vilele vya Ngong vinakaribia futi 8,100, na ukitaka kuvivuka kwa nafasi ya kupumua unahitaji 9,500 au zaidi. Hizo ni futi 7,500 za kupanda. Kwa wastani wa 400 kwa dakika ni karibu dakika 20, na wastani huo ni wa siku njema. Anza kupanda mara tu magurudumu yakiacha ardhi. Zunguka juu ya bonde ikibidi, ukitazama joto la oili. Sindano ikikaribia nyekundu, shusha pua, ongeza mwendo, hewa ipoze injini.

Upepo wetu wa kawaida hutoka mashariki. Ukija kutoka bondeni, wewe uko nyuma ya mlima, upande ambako upepo ukishavuka kilele humwagika chini. Ndege inayopanda futi 300 kwa dakika ndani ya hewa inayoshuka 500 inateremka, hata pua ikitazama mbinguni. Itazame mitambo ya umeme wa upepo iliyo mgongoni mwa Ngong kaskazini: ikiwa inazunguka kwa bidii na kutazama jiji, usiende hapo. Mimi hupita kusini, Kona Baridi, ambako ardhi iko chini zaidi. Uwe na mwinuko wako wote mapema, kabla ukuta haujajaza kioo. Ukaribie mshazari, ili kugeuka kurudi bondeni kuhitaji nusu ya kona. Ukiona kilele kinazidi kupanda kwenye kioo, hutakivuka. Geuka sasa, panda tena bondeni, au rudi Magadi usubiri jua lipoe. Ndiyo maana tulibeba lita 100.

Ukikaribia Wilson, sikiliza mnara wa kuongoza ndege mapema, upewe shinikizo la hewa la sasa na uliweke kwenye altimita, kile kipima mwinuko. Kutua ni kama kupaa: noti za kitabu, ardhi itakimbia, njia utakayoihitaji ni ndefu zaidi. Ukilazimika kuondoka tena bila kutua, kumbuka kile kifundo chekundu kikae mahali ulipokipata asubuhi, si ndani kabisa.

Ukizima injini, hakikisha mpango wa safari umefungwa, la sivyo watu wataanza kukutafuta bondeni nawe uko klabuni. Andika kasoro kwenye daftari la ndege, hata ile ndogo ya redio kukwaruza, ili wa zamu ya jioni asiigundue akiwa juu ya mbuga. Funika pito. Halafu kalipe ada ya kutua kabla ofisi haijafungwa.