Namna ya Kuandaa Igizo Shirikishi kwa Ajili ya Maendeleo ya Jamii

Mwongozo huu umetokana na kazi ya kukisaidia kikundi kimoja cha vijana, kilichokuwa chini ya shirika lisilo la kiserikali, kuandaa igizo kuhusu usimamizi wa fedha za kisima cha maji. Kikundi kilikuwa na waigizaji hodari na mada iliyoeleweka, lakini kila onyesho liliisha kwa makofi na watu kutawanyika, pasipo mtu yeyote kujadili chochote. Kasoro haikuwa katika uigizaji bali katika namna igizo lenyewe lilivyojengwa, na kwa sababu hiyo hatua ya tatu hapa chini ni ndefu kuliko nyingine zote.

Utaratibu ninaoufuata umechanganya mambo mawili. La kwanza ni mchakato wa kutumia maigizo kwa maendeleo ya jamii, uliojengwa barani Afrika kuanzia miaka ya 1970. Nchini Botswana, Laedza Batanani, kampeni ya maigizo ya vijijini, ilianza mwaka 1974 na kulaumiwa baadaye kwa kuwa mada zilichaguliwa zaidi na maofisa, huku wanakijiji wakibaki watazamaji. Huko Malya, Tanzania, mwaka 1982 na 1983, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walijaribu njia ambayo wanakijiji wenyewe walitafiti, walichambua na kuigiza. La pili ni mbinu ya Augusto Boal, mwanatamthilia wa Brazili, aliyeikuza alipokuwa Peru mwaka 1973, ya kuliacha igizo wazi ili mtazamaji aingie uwanjani na kujaribu njia nyingine.

Hatua ya kwanza: kaa na watu kabla ya kuchagua mada

Mara nyingi fedha za mradi huja na mada yake, kwa mfano afya au utawala bora. Ipokee, lakini usiigize mada; tafuta tukio. Zungumza na wanawake, wanaume, vijana na wazee kwa makundi tofauti, kwa kuwa yanayosemwa mbele ya wote huwa yamechujwa. Mimi siamini dodoso katika kazi hii. Swali moja lenye manufaa kuliko kurasa nzima za dodoso ni hili: "Mara ya mwisho jambo hili lilipotokea, ilikuwaje?" Andika majibu kwenye daftari na uiache mashine ya kurekodi sauti, maana watu hubadilika mara tu inapowekwa mezani.

Uliza pia sanaa zilizopo: nani huanzisha nyimbo, hadithi hutambwaje, ngoma gani huchezwa na kwa hafla ipi. Ngoma yenye miiko yake usiitumie kabla ya wenyewe kuridhia, hata kama inapendeza macho ya wafadhili.

Hatua ya pili: kikundi na kibali

Waigizaji sita hadi wanane wanatosha, na ni heri wawe wakazi wa hapo kuliko wasanii wa kukodi. Kibali kiombwe mapema na kwa maandishi, na maelezo yake yawe ya kweli. Igizo lililowashirikisha wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, nchini Kenya, lilizuiwa na serikali mwaka ule ule wa 1977 lilipoanza kuonyeshwa, na ukumbi walioujenga kwa mikono yao ukabomolewa mwaka 1982. Hivyo asidhani mtu kwamba sanaa ya kijijini haitazamwi na wenye mamlaka.

Hatua ya tatu: jenga igizo linalokwama mahali panapofaa

Toleo la kwanza la kikundi nilichokitaja lilikuwa hivi. Pampu inaharibika, wanawake wanapanga foleni kwenye dimbwi, mhusika mkuu aitwaye Subira anagundua kwamba michango haipo, polisi wanafika na kumkamata mtunza hazina, kisha waigizaji wote wanaimba wimbo kuhusu uwajibikaji. Igizo lilivutia, na halikuwa na mlango hata mmoja wa kuingilia. Polisi walikuwa wamekwisha kulitatua tatizo kwa niaba ya hadhira, na wimbo ulikuwa umekwisha kutamka walichopaswa kukitafuta wao.

Jambo la kwanza tulilofanya ni kuwaondoa polisi. La pili ni kuuliza Subira anataka nini hasa, kwa sababu mhusika mkuu asiyetaka kitu bayana hawezi kusaidiwa na mtu. Tulikubaliana kwamba anataka hesabu zisomwe mbele ya mkutano. Hapo ndipo vikwazo vilipoanza kuonekana: mtunza hazina ni shemeji yake, mumewe anamwambia asiiaibishe familia, mwenyekiti anauona mkono wake ukiwa juu mkutanoni na kumpita, jirani aliyeahidi kumuunga mkono anainamisha kichwa. Subira ananyamaza, mkutano unafungwa, na igizo linaishia hapo, bila mshindi wala funzo.

Angalia kwamba ameshindwa kwa sababu ya maamuzi yanayoonekana, yake na ya wengine. Angeshindwa kwa sababu ya ukame, watazamaji wangemhurumia tu. Vivyo hivyo, tukio ambalo mhusika amekwisha kushikwa na kupigwa halifai kuwa mahali pa kuingilia, kwa kuwa kilichobaki pale ni nguvu za mwili. Rudi nyuma katika hadithi, mahali ambapo maneno, ushirika au ujanja bado vingeweza kugeuza mambo. Kama hadithi haina mahali hapo, badilisha hadithi.

Ninapendelea igizo liwe na nyakati za uamuzi zisizopungua tatu. Njia ya kuzipima ni kusimamisha mazoezi kila zinapofika na kuwauliza watu wasiohusika na kikundi: "Sasa hivi wewe ungefanya nini?" Wote wakitoa jibu moja, tatizo ni jepesi mno na mjadala utakufa. Wote wakinyamaza, tukio limechelewa au linatisha kupita kiasi. Majibu mawili au matatu yanayokinzana yakitokea, na watu wakaanza kubishana wao kwa wao, hapo igizo limeshika. Kipimo hiki kinachosha na kinawalazimu waigizaji kuvunja matukio waliyokwisha kuyapenda, lakini sijaona kingine kinachokishinda.

Sehemu iliyotuchukua saa nyingi kuliko zote ilikuwa ya mpinzani. Mtunza hazina aliigizwa kama mwizi wa vichekesho, mwenye kitambi cha mto na kicheko kirefu, na hadhira ilimpenda kwa ubaya wake. Mpinzani wa namna hiyo hafundishi mtu kupambana na yeyote, kwa kuwa hakuna mwizi wa kweli anayejitangaza. Tulimpa hoja: fedha alimkopesha ndugu aliyekuwa na mgonjwa, anakusudia kuzirudisha, na anaamini kweli kwamba kusoma hesabu hadharani kutavunja kamati iliyojengwa kwa shida. Mwigizaji wake alipaswa kuzijua hoja hizo kwa moyo. Maneno mengine yote tuliyabuni papo kwa papo kwa kufuata mifupa ya matukio iliyoandikwa kwenye ukurasa mmoja, kwa maana mimi si shabiki wa maandishi kamili katika kazi hii. Lakini hoja za mpinzani hazibuniwi uwanjani, zinaandaliwa. Na zoezi lake la pili ni gumu zaidi: kupinga kwa nguvu zote hadi mtazamaji alete hoja au mkakati unaostahili, kisha kulegea kadiri mtu wa kweli angelegea, si zaidi. Akilegea mapema, watu wanaondoka na ushindi wa bure. Akigoma kabisa, wanaondoka wamekata tamaa.

Kuna tahadhari tatu kuhusu hadithi yenyewe. Tukio lisimfanane mtu anayefahamika: badilisha kazi, umri, ukoo na kiasi cha fedha, kisha umsomee mkazi mmoja unayemwamini mifupa ya igizo na umuulize amemwona nani ndani yake. Vichekesho viwepo, lakini viangukie hali na wenye nguvu. Mlevi wa pembeni anayechekesha kupita wote ataondoka na igizo lako lote. Wimbo nao uwekwe mwanzoni, kuwakusanya watu, au pale igizo linapokwama, ukiwa na kiitikio kinachouliza. Wimbo wa mwisho wenye ujumbe ninaukataa daima, hata shirika linapousisitiza.

Igizo zima lisizidi dakika 20.

Hatua ya nne: siku ya onyesho

Chagua uwanja wa kawaida ambao watu hukutana, na watazamaji wakae kwa duara. Sipendi jukwaa la kuinuliwa, kwa kuwa ngazi tatu tu zinatosha kumzuia mama mwenye mtoto mgongoni asiingie. Fulana zenye nembo na vipaza sauti pia hugeuza kusanyiko kuwa kampeni. Mgeni rasmi akiwepo, aketi miongoni mwa watu na hotuba yake ije mwisho, maana akitangulia kueleza jibu sahihi hakuna atakayejaribu jingine.

Igizo huonyeshwa mara moja hadi mwisho. Mwezeshaji anauliza kama mambo haya hutokea na kama Subira angeweza kufanya vinginevyo, kisha linarudiwa kwa kasi zaidi, na yeyote anaweza kupaza sauti "Simama!" na kuchukua nafasi ya Subira. Nafasi ya jirani nayo inaweza kuchukuliwa, lakini ya mtunza hazina isichukuliwe: mpinzani anayegeuka mwema ghafla hajamfundisha Subira lolote. Pendekezo likionekana la miujiza, mwezeshaji asilikatae yeye, awaulize watu, "Je, hili linawezekana hapa?" Kazi yake ni kuuliza, na maoni yake abaki nayo.

Anayeingia kwanza mara nyingi ni mwanamume anayependa kuhutubia. Mshukuru, muulize Subira halisi wa mahali hapo angejibiwaje kwa maneno yale, na subiri. Ukimya wa wakati huu huwatisha wawezeshaji wapya, nao huujaza kwa maelezo, wasiujaze. Asiyetaka kusimama aruhusiwe kumwelekeza mwigizaji akiwa ameketi, na wengi walioanza hivyo huinuka baadaye wanapoona mwigizaji hasemi kama walivyotaka.

Mtu akimtaja mtunza hazina wa kweli kwa jina, rejesha mazungumzo kwa Subira mara moja. Mtu akianza kusimulia machungu yake mwenyewe, asigeuzwe kuwa onyesho: mwenzako mwenye ujuzi wa ushauri nasaha amchukue pembeni kwa utulivu, na mshauri huyo awe amepangwa tangu mwanzo.

Hatua ya tano: kumbukumbu na ufuatiliaji

Mtu mmoja asiyeigiza aandike kila jaribio: aliyeingia alikuwa mwanamke au mwanamume, alijaribu nini, mpinzani alijibu nini, hadhira ilisemaje. Mistari miwili kwa kila jaribio inatosha. Idadi ya waliohudhuria iwekwe katika ripoti kwa kuwa wafadhili huitaka, ila idadi ya walioingia uwanjani inaeleza zaidi.

Rudini baada ya wiki chache bila igizo. Msiulize watu walijifunza nini, maana watawajibu kwa adabu. Ulizeni nani amezungumza na nani tangu siku ile, na kama mkutano wa hesabu umepangwa. Kisha lifungueni tena daftari la majaribio mkiwa pamoja na wakazi na mtafute lile ambalo hadhira ililiunga mkono lakini likamshinda mpinzani nusu tu, kwa sababu mahali lilipokwama ndipo tukio la kwanza la igizo linalofuata linapoanzia, na safari hii wakazi ndio wagawane nafasi.