Kumwaga oili ya giaboksi ya IST nyumbani: pima kilichotoka

Gari langu ni Toyota IST ya cc 1,300, giaboksi ya oto yenye gia nne. Nauza vitambaa Kariakoo, nalala Segerea, na mara tatu nne kwa mwaka napanda Lushoto kumwona mama. Mlima ule wa kutoka Mombo ndio ulionifanya nijifunze kazi hii.

Siku mbili kabla ya safari nilikuwa nimelipeleka gari gereji likabadilishwe oili ya giaboksi. Tulipokaribia Soni, injini ikaanza kunguruma bila gari kupata nguvu. Nikaegesha. Oili nyekundu ilikuwa imetapakaa kwenye giaboksi kwa nje. Mzee mmoja aliyekuwa akishuka na lori la mboga akasimama, nikamwamkia, akaniambia niache injini ikiunguruma. Akavuta kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakitoa tena. Oili ilikuwa vidole viwili juu ya alama ya HOT, yaani kipimo cha oili ikiwa moto. "Mwanangu, hii wameijaza kwa macho," akasema. Alinieleza kwamba oili ikizidi, vyuma vinavyozunguka ndani huipiga mpaka ifanye povu, na povu haliwezi kubana klachi. Tukazima gari, tukainyonya ile ya ziada kwa bomba la sindano lililofungwa mpira, kidogo kidogo, huku tukipima. Gari likapanda mpaka nyumbani. Tangu siku ile namwaga mwenyewe, na kitu cha kwanza ninachokiandaa ni chombo cha kupimia.

Lakini kabla ya chombo, oili yenyewe. Madukani utasikia "haidroliki" kana kwamba zote ni moja. Si moja. Chomoa kijiti cha giaboksi usome maandishi yaliyogongwa juu yake. Changu kimeandikwa T-IV, basi nanunua T-IV. Toyota za baadaye nyingi hutumia WS, ambayo ni nyepesi zaidi, na Toyota wenyewe hawaruhusu kuweka moja mahali pa nyingine. Magari ya CVT (giaboksi ya oto isiyo na gia za hatua), kama Premio na Allion nyingi za kuanzia 2007, yana oili yake kabisa. Ukiyatilia ATF ya kawaida, yaani oili ya giaboksi za oto zenye gia, unaua giaboksi. Na kama gari lako halina kijiti cha giaboksi, usiendelee na maelezo haya. Hilo hupimwa kwa joto maalumu kupitia nati ya chini, na linahitaji mtu mwenye mashine ya kusoma joto.

Ninachoandaa ni dumu la lita 4 la oili, spana ya L ya pembe sita namba 10, washa mpya ya nati (pete ya kuzuia kuvuja), beseni pana, faneli yenye shingo nyembamba, na chupa mbili tupu za maji za lita moja na nusu. Kitambaa cha kufutia kijiti kiwe tisheti ya zamani ya pamba. Usitumie taulo wala kitambaa kinachonyonyoka nyuzi, kwa sababu uzi mmoja ukiingia unaweza kuziba vijitundu vya oili vilivyo vyembamba kuliko sindano.

Endesha gari dakika kumi oili ipate uvuguvugu, si moto wa kuunguza. Egesha mahali tambarare, vuta handbreki, weka mawe nyuma ya matairi ya nyuma. Inua mbele kwa jeki, kisha lishushe likalie stendi mbili. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kama ni kuokota spana tu. Nalisema hili kwa uchungu, maana jeki hushuka bila kutoa sauti.

Kisha chomoa kijiti na ujaribu kuingiza faneli kabla hujagusa nati yoyote. Kama huna njia ya kurudisha oili, usiitoe.

Chini ya IST kuna nati mbili za kumwagia, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Ya injini ipo upande wa kulia, ina kichwa cha kushikwa na spana ya kawaida. Ya giaboksi ipo kushoto, upande wa abiria, ina tundu la pembe sita katikati. Safisha tundu hilo kwa brashi mpaka spana izame yote; ikishika nusu itakula pembe, na hapo utamtafuta fundi wa kuchomelea. Legeza, malizia kwa vidole, ondoa mkono haraka.

Itazame inavyotoka. Oili nzuri ni nyekundu. Ya kahawia imechakaa. Nyeusi yenye harufu ya kuungua maana yake klachi zimeungua, na oili mpya haitaziponya. Ikiwa ya waridi kama maziwa, maji ya rejeta yameingia, kwa kuwa oili hiyo hupozwa ndani ya rejeta. Usiwashe tena gari hilo mpaka rejeta ishughulikiwe. Vumbi laini la kijivu ni kawaida, vipande vya chuma si kawaida.

Acha idondoke mpaka iishe. Mimi hunywa chai. Safisha nati, vika washa mpya, kaza kwa nguvu ya kiganja na si ya mwili mzima, kwa kuwa nyumba ya giaboksi ni aluminiamu.

Sasa mimina oili chafu kwenye zile chupa. Subiri ipoe kwanza, maana oili ya moto huvimba na itakudanganya. Mara ya mwisho yangu ilitoka lita 2.7, basi nikarudisha 2.7 ya dumu jipya kupitia tundu la kijiti, taratibu. Usifuate kiasi cha jirani wala cha kitabu kwanza, fuata chako. (Kama ilikuwa pungufu au imezidi tangu mwanzo, kijiti kitakwambia baadaye.)

Shusha gari. Washa, kanyaga breki, pitisha mkono wa gia P, R, N, D, 2, L, ukipumzika sekunde chache kila mahali, kisha rudi P. Pima injini ikiwa inaunguruma: oili iwe ndani ya alama za COOL, kipimo cha oili ikiwa bado haijapata moto. Endesha dakika ishirini, rudi palepale tambarare, pima tena. Sasa iwe kati ya alama mbili za HOT. Ikipungua, ongeza robo kikombe tu, kisha pima tena.

Giaboksi hii hubeba karibu lita 6 na nusu zote kwa pamoja, na nyingine hubaki ndani ya konveta, chombo cha mviringo kinachounganisha injini na giaboksi. Kwa hiyo ulichobadilisha ni kama sehemu nne kwa kumi. Ukirudia mara ya pili utafika zaidi ya sita, mara ya tatu karibu nane. Mimi huacha kilomita elfu moja kati ya mara moja na nyingine, kisha natulia mpaka kilomita 40,000. Naipenda njia hii kuliko mashine ya kusukuma oili yote kwa mkupuo, hasa kwa gari lililokuja kutoka Japani bila historia.

Jirani yangu aliniomba oili chafu apake nguzo za uzio dhidi ya mchwa. Nilimkatalia, kisima chetu kipo hatua kumi na tano kutoka pale. Naifunga kwenye dumu naipeleka gereji wanakokusanya oili chafu.

Usiku ule natandika boksi la karatasi chini ya giaboksi. Asubuhi likiwa kavu, naandika tarehe na kilomita kwenye plasta nyeupe, naibandika ndani ya boneti.