Jiko la Kuni Kwenye Theluji ya Sweden: Usiguse Gome la Mti

Kila Novemba wageni wapya huniuliza kama mtu anaweza kupika nje huku Sweden wakati wa baridi. Anaweza. Chai iliyochemkia kwenye theluji ina utamu wake, na jiko dogo la bati, lile la kukunja likaingia begini, linatosha sufuria ya watu wawili watatu. Kuwasha sitawafundisha, wengi wetu tumepuliza moto wa mafiga kabla hatujajua kusoma. Kilichoniponza mimi ni gome la mti.

Ilikuwa Jumapili ya Januari, mimi na shemeji yangu aliyekuja kututembelea. Kuni tulizobeba zilikuwa na unyevu, zinafuka moshi tu, na saa tisa alasiri giza lilikuwa linaingia. Shemeji akauona mti wa björk, ule wa gome jeupe linalobanduka kama karatasi, akachomoa kisu. Nikamwambia, wewe bandua tu, nchi hii ina allemansrätten, haki ya kila mtu kutumia pori, imo mpaka kwenye katiba. Gome lile lina mafuta, linashika moto hata likiwa na maji. Jiko likanguruma, tukalitua juu ya mwamba uliokuwa mtupu bila theluji, tukapika.

Nisikilizeni vizuri. Haki ile ni ya kupita, kulala usiku mmoja mmoja, kuchuma matunda ya porini na uyoga. Si haki ya kuchuna mti! Vijiti na koni zilizoanguka chini, okota. Mti uliosimama, uwe mbichi uwe mkavu, usiuguse. Sheria ya jinai ya huku inataja tawi, inataja gome, na hilo la björk wamelitaja peke yake kwa jina lake, näver. Mwamba nao usiwashie moto juu yake wala kando yake, kwani joto huupasua na ufa haufutiki.

Tena tulikuwa ndani ya hifadhi, naturreservat, bila kujua. Vibao vya mipaka vina nyota nyeupe, na siku hiyo theluji ilikuwa imevifunika. Kila hifadhi ina masharti yake, yameandikwa kwenye ubao wa mlangoni, na mara nyingi moto unaruhusiwa pale tu palipotengwa. Futa theluji kwa mkono usome. Wala usije ukajitetea kuwa jiko si moto. La gesi au spiriti pengine watakuachia. La kuni linarusha cheche, hilo ni moto.

Wakapita mzee na mkewe na mbwa wao. Wakatusalimu kwa tabasamu, wakauliza tunapika nini, wakasema kinanukia vizuri. Kumbe waliporudi barabarani walipiga picha namba ya gari langu. Nyumbani mtu angekuja juu, mngefokeana, mngeombana radhi na pengine mngekula pamoja. Huku hakufokei mtu. Anakutakia siku njema, kisha anatoa taarifa. Zamani niliuita unafiki. Siku hizi naona ni watu waliofundishwa tangu chekechea “usisumbue, usiharibu”, na wameamini kabisa kwamba kazi ya kugombana na wewe ni ya serikali. Bado nasema wangeniambia tu, ningelizima.

Polisi wakanipigia simu, nikajibu yote kwa adabu. Baada ya muda ikaja barua imeandikwa strafföreläggande, yaani amri ya adhabu bila kwenda mahakamani, na kiasi cha kulipa. Nikalipa siku ileile kama mtu anavyolipa faini ya maegesho, nikijua yameisha. Hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe. Kuikubali barua ile ni kukiri kosa, na ina nguvu sawa na hukumu ya mahakama. Faini inaingia kwenye belastningsregistret, daftari la polisi la makosa, inakaa humo miaka 5. Na mimi maombi yangu ya uraia yalikuwa mezani, na mwenendo wa mwombaji huangaliwa. Nikaambiwa ningoje. Gome la ukubwa wa kiganja!

Barua yenye neno strafföreläggande usiilipe kabla hujaielewa. Kama hukubaliani nayo, usiilipe wala kuitia saini. Tafuta ushauri, ikibidi suala liende mahakamani. Narudia kwa sababu najua ndugu zetu: kulipa haraka si uungwana, ni kukiri.

Mama alipoyasikia aliuliza, “Kwani mti ni wa nani?” Mama, mti una mwenyewe, kama shamba la huko. Huko ungemwomba mwenye shamba, au ungemtafuta bwana misitu akuandikie kibali. Sijui kwa nini tukishuka ndege tunadhani huku pori ni la bure. Nanyi mnaokuja kutembea, acheni kisu nyumbani kwa mwenyeji.

Mengine ni mepesi. Beba kuni kavu zilizopasuliwa nyembamba kama kidole gumba. Vituo vya mafuta huuza kwa mifuko. Weka kibao chini ya jiko, la sivyo theluji itayeyuka na sufuria itapinduka. Ukiyeyusha theluji, tangulia na maji kidogo, vinginevyo sufuria itaungua. Vaa sufu, nailoni inatobolewa na cheche. Hata baridi ikuume vipi, jiko lisiingie hemani wala kwenye gari, hata likibaki makaa tu: hewa yake ya sumu haina harufu, na kichwa kikianza kuuma toka nje upige 112, namba ya dharura. Majivu yamwagie maji mpaka uyashike kwa mkono.

Jiko langu bado ninalo. Jumamosi tunapika penye eldplats, mahali palipotengwa, na shemeji mwaka huu kaja na gazeti la kuwashia.