Somo: Kuchagua na kutumia fonti changamfu

Fonti changamfu ni zile zenye herufi nene za mviringo, zinazoyumbayumba, au zinazoiga mwandiko wa mkono. Wengi huzichagua kwa kutazama jina la fonti lilivyopendeza kwenye orodha, kisha wanashangaa mbona bango halisomeki. Fonti hupimwa kwa maneno itakayoyabeba, na hatua zote hapa chini zinafuata hilo.

Hatua ya 1: Andika maneno kwanza

Usifungue orodha ya fonti kabla hujajua kichwa cha bango kinasemaje. Kiandike kizima, ukijaribu katika fonti tatu au nne. Kiswahili kina tabia yake: maneno ni marefu, na irabu "a" hujirudia mno. Chukua neno "Tamasha", lenye "a" tatu. Zote zikiwa na mkia uleule uliopinda vilevile, fonti iliyojidai kuwa mwandiko wa mkono imeumbuka, maana hakuna mkono unaoandika hivyo. Fonti zilizotengenezwa kwa uangalifu huwa na maumbo mbadala ya herufi moja. Programu nyingi za usanifu huyabadilisha zenyewe au hukuachia uchague. Yasipokuwepo, hamia fonti nyingine.

Jaribu pia "ng'". Kuna fonti ambazo ritifaa hukaa mbali na "g", na "ng'ara" ikaonekana kama maneno mawili. Halafu andika tarakimu zote, 0 hadi 9. Bango halikosi tarehe, na wachoraji wengine wa fonti hukazania herufi, tarakimu wakazifanya kwa kulipua.

Hatua ya 2: Tazama inakokwenda

Cooper Black, iliyotoka mwaka 1922 kwa mkono wa Oswald Cooper wa Chicago, ni nene na kingo zake ni laini. Hata neno kavu hulitia ucheshi. Comic Sans ilichorwa na Vincent Connare wa Microsoft mwaka 1994. Alikuwa ameona programu iitwayo Microsoft Bob, ambamo mbwa wa katuni alikuwa "akiongea" kwa Times New Roman, fonti rasmi ya kama magazeti, akaona haifai, akachora herufi za kufanana na za vitabu vya katuni. Kwa kazi ile, alikuwa sahihi kabisa. Mwaka 2012 fonti hiyohiyo ilitumika CERN, maabara kubwa ya fizikia ya Ulaya, kwenye slaidi za kutangaza ugunduzi wa chembe ndogo mno iitwayo Higgs, na watu wakaijadili fonti karibu sawa na fizikia yenyewe. Mimi siichukii Comic Sans. Ninachouliza ni nani anaongea, na anamwambia nani.

Hatua ya 3: Moja inatosha

Kichwa kipe fonti changamfu. Maelezo, saa na anwani vipe fonti ya kawaida isiyo na madoido. Ukiweka mbili changamfu, zitashindana.

Hatua ya 4: Ukubwa na nafasi

Herufi nene zikipunguzwa, matumbo ya "a" na "e", yaani nafasi zilizo wazi ndani yake, huziba, neno likawa doa. Punguza bango mpaka litoshe kwenye simu, ulisome ukiwa umenyoosha mkono. Fonti za mwandiko ulioungana usiziongezee nafasi kati ya herufi, maana maungio yatakatika. Wala usiziandike kwa herufi kubwa tupu: herufi kubwa zake zimechorwa kuanzia neno, hazikuchorwa kukaa pamoja.

Hatua ya 5: Soma leseni

Fonti nyingi za Google Fonts, maktaba ya fonti ya mtandaoni, zina leseni ya SIL Open Font License, inayokuruhusu kuzitumia hata kwenye kazi ya kulipwa, ila si kuliuza faili la fonti peke yake. Zilizoandikwa kwamba ni bure kwa matumizi binafsi usizitumie kwa kazi ya mteja mpaka ununue kibali.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nilimtumia mteja kazi, yeye akaona fonti tofauti kabisa. Shida ni nini?

Jibu: Marahaba. Kompyuta yake haina fonti hiyo, ikaweka nyingine badala yake. Mtumie PDF yenye fonti ndani yake, au geuza maandishi yawe maumbo kabla ya kutuma. Ukigeuza, hutaweza tena kusahihisha tahajia, kwa hiyo hifadhi nakala ya awali.

Swali: Naweza kuzivuta herufi kwa upana ili zijaze nafasi?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Mistari ya wima itanenepa, ya mlalo itabaki vilevile, na jicho litaona kasoro hata kama mtazamaji hajui jina lake. Tafuta fonti pana tangu mwanzo.

Swali: Na tangazo la msiba?

Jibu: Hapana.

Swali: Naandaa kitabu cha watoto wanaoanza kusoma. Nitumie fonti changamfu kote ili wafurahi?

Jibu: Jaladani, ndiyo, na hata kwenye vichwa vya sura. Ndani, dada, mtoto bado anajifunza kutofautisha maumbo. Andika I kubwa, l ndogo na 1 vikiwa vimepangana, kisha a na o. Ukisita kidogo kuvitofautisha, mtoto atakwama. Furaha iachie michoro.