Kabla hujapaka rangi ramani ya sensa

Mnaochora ramani za sensa kwa QGIS (programu ya kompyuta ya kuchora ramani), angalieni mipaka kabla ya rangi. Ukiweka takwimu za Tanzania za 2012 na 2022 pamoja, Mbeya itaonekana kama imekimbiwa na watu: kutoka takriban milioni 2.7 hadi milioni 2.3. Si kwamba watu wamehama. Mwaka 2016 mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya, ukaondoka na watu wake. Dawa yake ni kujumlisha Mbeya na Songwe za 2022 (zinafika karibu milioni 3.7), kisha uchore kwa mipaka ya 2012. Kwa wilaya na kata kazi ni nzito zaidi, maana huko mipaka hubadilika mara nyingi zaidi, na majina hujirudia ovyo. Unganisha jedwali la takwimu na ramani kwa namba za msimbo (namba maalumu ya kutambulisha kila eneo), usitegemee majina hata siku moja. Na ukiuingiza msimbo kwenye programu, uache kama maandishi, si kama namba, la sivyo sifuri ya mwanzo itapotea na safu zako hazitaoana.

Jingine ni hili: idadi ghafi ya watu usiioneshe kwa rangi. Tabora ina watu zaidi ya milioni 3, lakini wametawanyika kwenye eneo kubwa mno; ukiipaka nyekundu iliyokolea, msomaji atadhani wamebanana kama Dar es Salaam. Gawanya kwanza kwa kilomita za mraba. Idadi yenyewe, kama ni lazima ionekane, ioneshe kwa miduara, mkubwa kwa idadi kubwa na mdogo kwa idadi ndogo.