Usaili wa kazi: anza na tangazo, nguo baadaye

Ukishaitwa kwenye usaili, kitu cha kwanza kushika ni tangazo la kazi uliyoomba. Kama limeshaondolewa mtandaoni na hukuhifadhi nakala, mwombe aliyekuita akutumie maelezo ya kazi. Si aibu kuomba.

Maswali mengi hutoka humo humo. Wanaoandaa usaili huchukua sifa zilizotajwa kwenye tangazo na kugeuza kila moja kuwa swali. Penye utaratibu mzuri, kila msaili ana karatasi ya alama, na anajaza kwa kile ulichokisema, hata kama anahisi unajua zaidi. Kwa hiyo pigia mstari kila sifa na kila jukumu, kisha andika pembeni ushahidi ulio nao. Palipobaki patupu ndipo utakapobanwa, bora upajue mapema.

Ushahidi maana yake tukio. "Mimi ni mchapakazi" haibebi alama, kila aliyekalia kiti hicho ameshaisema. Andaa matukio matano au sita: ulipotatua tatizo, ulipokosana na mwenzako kazini, ulipokosea ukarekebisha, ulipobanwa na muda, ulipoongoza wengine. Tukio moja huweza kujibu maswali mawili tofauti. Kama ndiyo kwanza umehitimu, mafunzo kwa vitendo, kazi za kujitolea na uongozi wa chuoni vinatosha.

Kila tukio ligawe vipande vinne: hali ilivyokuwa, jukumu lako, hatua ulizochukua, matokeo. Kwa mfano:

"Kila mwisho wa mwezi hesabu ya stoo ilikuwa hailingani na vitabu. Nilipewa kazi ya kutafuta chanzo. Nililinganisha hati za kupokea na za kutoa mizigo kwa wiki tatu, nikagundua kuwa inayotoka jioni huandikwa kesho yake. Nikaweka daftari mlangoni, kila kinachotoka kikasainiwa papo hapo. Mwezi uliofuata hesabu zililingana."

Jibu kamili lichukue dakika moja na nusu, zisizidi mbili. Hali na jukumu visivuke nusu dakika. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanasimulia historia ya ofisi nzima, halafu hatua, ambazo ndizo zenye alama, zinapitiwa kwa sentensi moja. Angalia pia vitenzi vyako. Ukisema "tulilinganisha, tukagundua, tukaweka", msaili hajui wewe ulifanya nini na wenzako walifanya nini. Taja timu mara moja, kisha rudi kwenye "nili-".

"Jieleze kwa ufupi" si mwaliko wa kuanzia shule ya msingi. Sema unachofanya sasa, ulichowahi kufanya kinachofanana na kazi hii, na kwa nini unaitaka. Dakika moja. Ukiulizwa udhaifu wako, usijibu kwamba unapenda kazi kupita kiasi. Jibu hilo limechakaa. Taja udhaifu wa kweli usiogusa kiini cha kazi, na unachofanya kuupunguza.

Mshahara uupange nyumbani. Ulizia viwango vya kazi kama hiyo, kisha amua kiasi ambacho chini yake hutakubali. Ukitaja kuanzia kiasi fulani hadi kingine, hakikisha kile cha chini unakiridhia, maana ndicho watakachokisikia.

Mazoezi yafanyike kwa sauti. Jirekodi kwa simu, usikilize: utajikuta na "yaani" kumi katika jibu moja. Usikariri neno kwa neno, kwa sababu likikutoka neno moja jibu lote linaporomoka. Shika vile vipande vinne tu.

Andaa maswali mawili ya kwako. Zuri ni hili: "Katika miezi mitatu ya kwanza mtapima kazi yangu kwa kitu gani?"

Usaili ukiwa kwa video, kamera iwe usawa wa macho na mwanga utoke mbele yako. Dirisha likiwa nyuma, uso unakuwa kivuli. Jaribu kiungo na maikrofoni siku moja kabla, na uwe na namba ya simu ya kuwapigia endapo mtandao utakatika.

Ukienda ana kwa ana, nguo iwe safi na inayokuruhusu kukaa bila kujivuta-vuta. Beba vyeti halisi kama vimetakiwa, pamoja na nakala za wasifu uleule uliotuma. Ukiuboresha jana usiku, tarehe zikatofautiana na walizonazo, utatumia dakika tano kujitetea. Fika robo saa kabla. Ukiwahi zaidi, subiri nje.

Ukitoka, andika maswali yote uliyoulizwa na ulivyojibu, kabla hujasahau. Ukiitwa raundi ya pili, huenda wakawa na majibu yako ya kwanza mezani.